Ini la mbwa anayetumia steroidi: kusoma picha na kutafuta chanzo

Madaktari wa mifugo walioanza kutumia altrasaundi karibuni huuliza sana swali hili. Mbwa amepewa prednisoloni kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mwasho wa ngozi. Sasa tumbo limening'inia, anakunywa maji kupita kiasi, ALP (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) imepanda hadi mara nane ya kiwango cha juu cha kawaida, na kwenye skrini ini ni kubwa na jeupe. Ni dawa, au kuna ugonjwa mwingine ambao dawa imeufunika?

Ini peke yake halitoi jibu. Ini jeupe la steroidi, la kisukari na la mafuta yanaweza kufanana kiasi cha kulishinda hata jicho lenye uzoefu. Ushahidi uko kwa majirani wa ini, hasa tezi za adrenali, mbili ndogo zilizo kando ya figo, na katika maelezo ya mwenye mbwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu ini lenyewe.

Steroidi inalifanya nini ini

Glukokotikoidi, yaani prednisoloni, deksamethasoni, triamsinoloni na ndugu zake, hulisukuma ini litengeneze glikojeni, yaani sukari ya akiba, na kuirundika ndani ya seli zake. Seli hujaa na kuvimba, na ini zima hupanuka. Tishu iliyojaa namna hiyo hurudisha mwangwi mwingi zaidi wa altrasaundi, na mwangwi huo ndio weupe unaouona. Mbwa huathirika upesi sana. Paka ni mgumu. Kwa dozi kubwa, seli huanza kujaa ndani ya siku chache.

Dozi ya kawaida ya kutuliza mwasho ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku. Ya kukandamiza kinga ni karibu 2 kwa kilo. Usitegemee hesabu hiyo ikuambie ini litakuwaje. Mbwa wawili wenye uzito mmoja, kwa dozi moja na muda mmoja: mmoja ini linavuka mbavu vidole kadhaa, mwingine huoni kitu.

Kwenye damu, ALP ndiyo hupaa. Mbwa ana aina ya ALP inayochochewa na steroidi, ambayo paka hana, kwa hiyo namba kubwa ya kutisha inaweza kutokea bila ini kuharibika. GGT, kimeng'enya kingine cha ini, hupanda pia, ALT nayo kwa kawaida hupanda kidogo tu. Bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, hubaki mahali pake. Shika jambo hilo la bilirubini, tutalihitaji.

Kagua mashine kabla ya kumkagua mbwa

Maini mengi "meupe" yametengenezwa na kidole kilichopandisha geini, yaani kikuza mwangwi cha mashine. Kipimo chepesi: angalia nyongo na mkojo. Vyote viwili ni maji na vinapaswa kuwa vyeusi. Mkojo ukionekana kijivu chote, mashine inapiga kelele. Shusha geini kwanza, kisha panga upya vitelezi vya kina, maana kitelezi kimoja kilichosukumwa pembeni huchora mkanda mweupe katikati ya ini na mtu akauita ugonjwa.

Baada ya hapo linganisha. Kwa mbwa mzima, bandama ndiyo nyeupe kuliko vyote, ini hufuata, na gamba la figo huwa sawa na ini au jeusi zaidi kidogo. Figo ya kulia imelala ndani ya shimo la tundu la ini liitwalo kaudeti, kwa hiyo hapo unaweza kuviweka ini na figo kwenye picha moja. Ulinganisho unafaa tu ukiwa kwenye kina kilekile na mpangilio uleule wa mashine. Ukipiga picha ya ini, ukabadilisha geini, halafu ukaenda kupiga bandama, hujalinganisha chochote.

Kuna mitego miwili ambayo kwetu Afrika Mashariki hujitokeza sana. Bandama ya mbwa mwenye kupe mara nyingi ni mgonjwa. Ehrlichia na Babesia, vijidudu vinavyoletwa na kupe, huivimbisha na kuibadilisha mwangwi wake, kwa hiyo ini la kawaida linaweza kuonekana jeupe kando ya bandama iliyopoteza weupe wake. Asepromazini, dawa ya kutuliza iliyo rahisi kupatikana, nayo huijaza bandama damu ikawa kubwa. Mtego wa pili ni figo: mbwa mzee mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu ana gamba jeupe, na hapo ini lililojaa glikojeni litaonekana "sawa na figo" na wewe utaandika kwamba ni la kawaida. Jirani mmoja akiwa mgonjwa, tumia mwingine. Wote wakiwa wagonjwa, eleza hivyo kwenye ripoti na uache kutaja weupe kabisa.

Dalili: ini linang'aa kote sawasawa, kingo zimeviringika

Hii ndiyo sura ya kitabuni ya ini la steroidi. Ini limepanuka, ncha za matundu yake zilizopaswa kuwa kali zimekuwa butu, na tishu ni laini bila madoa. Kuta za matawi ya vena lango, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, ambazo kwa kawaida huonekana kama vistari vyeupe, zinapotea kwa sababu mandhari yote yamekuwa meupe kama zenyewe.

Sura hiyohiyo huletwa na kisukari, na hapo mambo huchanganyika, kwa sababu steroidi yenyewe inaweza kumsukuma mbwa aliyekuwa ukingoni akaangukia kwenye kisukari. Pima sukari ya damu na ya mkojo siku hiyohiyo, ni gharama ndogo. Uvamizi wa saratani, yaani limfoma au uvimbe wa seli za masti, pia unaweza kulifanya ini liwe jeupe kote, ingawa limfoma ina tabia ya kuja kwa kila sura, ikiwemo ini jeusi na hata ini lisilo na badiliko lolote. Ini lililokakamaa kwa makovu nalo ni jeupe, lakini huwa dogo na kingo zake zina mawimbi. Ukubwa ndio unaolitenga. Ini jeupe na dogo halijawahi kuwa la steroidi tu.

Swali ninalolipa uzito kuliko vipimo vingi ni hili: anakula? Mbwa wa steroidi anakula kama hajawahi kuona chakula. Anaiba ugali jikoni na kupekua mapipa. Mbwa mwenye ini jeupe anayekataa chakula ana tatizo jingine, hata kama vidonge vya prednisoloni viko mfukoni mwa mwenyewe.

Dalili: upande wa mbali wa ini ni giza na diaframu haionekani

Si lazima kuwe na uvimbe huko nyuma. Ini lililojaa humeza sauti njiani, na inayobaki kufika chini ni kidogo. Punguza masafa ya sauti ya mashine: kama ulikuwa kwenye megahezi 8 hadi 10, shuka hadi 5 kwa mbwa mkubwa, na usogeze fokasi chini. Ukibadilisha na giza likatoweka, lilikuwa la fizikia tu. Giza likibaki mahali palepale ukiwa umebadilisha pembe na masafa, hapo kuna kitu cha kutafuta.

Mbwa wa steroidi pia hunenepa, na mafuta yaliyo mbele ya ini, chini ya ukuta wa tumbo, yanaweza kufanana sana na ini lenyewe. Nimeona ripoti zilizopima mafuta na ini kwa pamoja na kutangaza ini la ajabu. Tafuta mstari mwembamba mweupe wa gamba la ini, subiri mbwa apumue, utaona kipi kinateleza juu ya kipi. Mafuta hayana mishipa mipana ndani yake, ini linayo.

Eneo jeupe lililo moja kwa moja nyuma ya mfuko wa nyongo lipuuze. Sauti iliyopita kwenye maji haikupungua, kwa hiyo kilicho nyuma yake hung'aa.

Dalili: eksirei inaonyesha ini kubwa, altrasaundi haina la kusema

Eksirei hupima umbo, altrasaundi hupima tishu, na si lazima vikubaliane. Kwenye picha ya ubavuni, ini kubwa huvuka upinde wa mbavu, ncha yake ya chini huviringika, na mhimili wa tumbo la chakula, ambao kwa kawaida hulala sambamba na mbavu au wima kwa uti wa mgongo, husukumwa nyuma na kuinuka upande wa chini. Picha iliyopigwa mbwa akiwa amevuta pumzi ndani hulisukuma ini nyuma na kulikuza bure. Mbwa wachanga wana ini kubwa kwa mwili wao. Mbwa mwenye kifua kirefu, kama mchungaji wa Kijerumani, anaweza kulificha ini lililovimba lote ndani ya mbavu.

Kama eksirei ni safi na ini kweli ni kubwa huku tishu zikionekana za kawaida, fikiria kwamba umewahi mapema, ini limepanuka kabla halijageuka. Au angalia vena za ini: zikiwa pana na nene, damu imekwama, chanzo kiko kwenye moyo, si kwenye kopo la vidonge.

Eksirei ina faida moja inayosahaulika. Ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili wenyewe hutengeneza kortisoli (steroidi yake ya asili) kupita kiasi, na steroidi za muda mrefu huweka chokaa kwenye kuta za bronkia na kwenye ngozi. Ukiona mistari myeupe ya njia za hewa pamoja na ini kubwa, kibofu cha mkojo kilichojaa na mafuta mengi tumboni, hiyo ni hadithi moja iliyoandikwa sehemu nne.

Dalili: vinundu vyeusi kwenye ini jeupe

Hapa watu hutishika na kuandika saratani. Mbwa wengi wakizeeka hupata vinundu vya tishu ya ini ya kawaida iliyokua kupita kiasi, visivyo na madhara, na vinaweza kuonekana vyeusi, vyeupe au visionekane kabisa. Ini lililojaa glikojeni bila usawa nalo huacha visiwa vyeusi vya tishu isiyojaa. Hivyo kinundu cheusi kwenye ini la mbwa wa miaka 11 anayetumia prednisoloni kinaweza kuwa kipande pekee kilichobaki kizima.

Kuna sura moja ambayo haipaswi kupita bila kusimama: ini zima limetoboka kama sega la nyuki, vinundu vyeusi vya takribani nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu vikizungukwa na nyavu nyeupe. Ukiona hivyo, acha probu, geuza miguu ya mbwa uangalie nyayo. Zikiwa na magamba, nyufa na vidonda, huu ni ugonjwa wa ini na ngozi unaoendana na upungufu wa asidi za amino mwilini. Hatari yake ni kwamba vidonda hivyo hufanana na mzio, mbwa akapewa steroidi zaidi, na steroidi inaweza kumwingiza kwenye kisukari haraka.

Kinundu kimoja kikubwa kinachobadilisha umbo la ini, au kinachokua kati ya picha mbili, kichukuliwe sampuli. Mbwa wa aina ya Scottish Terrier wana tabia ya pekee: hupata ini lililojaa na ALP ya juu bila kuguswa na steroidi, na baadhi yao huishia na saratani ya seli za ini. Aina hiyo hupigwa picha mara kwa mara hata akionekana mzima.

Tezi za adrenali: hapa ndipo jibu lilipo

Anayepiga picha ya ini jeupe bila kutafuta tezi hizi ameacha kazi nusu. Mwili ukipata steroidi kutoka nje, ubongo unaacha kuziamuru adrenali, na tezi zote mbili husinyaa. Mbwa mwenye ugonjwa wa Cushing unaotoka kwenye tezi ya pituitari, ambao ni zaidi ya visa vinne kati ya vitano vya Cushing ya asili, ana tezi zote mbili nene. Mwenye uvimbe kwenye adrenali moja ana moja kubwa na nyingine iliyosinyaa. Ini kwenye hali zote tatu linaweza kuwa lilelile kabisa.

Tezi ya kushoto ni rahisi zaidi. Anza kwenye figo ya kushoto, sogea kuelekea katikati hadi uione aota, kisha panda mbele kidogo kutoka pale ateri ya figo inapotokea. Tezi ya kulia imejificha ndani zaidi, kando ya vena kava, na ini kubwa linalomeza sauti huifanya iwe ngumu. Ingia kati ya mbavu za mwisho upande wa kulia badala ya kubonyeza chini ya mbavu. Pima unene wa ncha ya nyuma kwa picha iliyolala sambamba na tezi, usipime urefu. Kwa miaka mingi milimita 7.4 ilitumika kama mpaka wa mbwa wote. Kwa mbwa mdogo wa chini ya kilo 10 mpaka huo ni wa juu mno, milimita 6 hivi unamfaa zaidi, na mbwa mkubwa anaweza kuzidi 7.4 akiwa mzima. Upande wa chini, tezi ya kushoto ya mbwa wa wastani iliyo nyembamba kuliko milimita 3 imesinyaa.

Angalizo mbili. Kusinyaa huchukua wiki, kwa hiyo mbwa aliyepewa steroidi siku tano anaweza kuwa na ini lililoanza kujaa na tezi za kawaida. Na ugonjwa wowote wa muda mrefu unaweza kuzinenepesha tezi kidogo bila kuwa Cushing.

Zikiwa ndogo zote mbili, kipimo cha kuthibitisha ni kuchochea kwa ACTH, homoni ya pituitari inayoziamuru adrenali: kortisoli hupimwa, mbwa huchomwa mishipani ACTH ya maabara mikrogramu 5 kwa kilo, kisha hupimwa tena baada ya saa moja. Mbwa wa steroidi za nje anaanza chini na anabaki chini. Prednisoloni yenyewe husomwa na mashine nyingi kama kortisoli, kwa hiyo isitolewe kwa angalau saa 24 kabla. Deksamethasoni haina shida hiyo. Kipimo cha dozi ndogo ya deksamethasoni hakifai hapa, kwani hakikuundwa kumtambua mbwa aliyepewa steroidi. ACTH ni ghali na haipatikani kila mahali. Ukiikosa, tezi mbili nyembamba na mwenye mbwa aliyekiri dawa vinatosha kuanza kazi.

Dalili: tezi ndogo, ini jeupe, na mwenye mbwa anaapa hajampa dawa

Mara nyingi hadanganyi, hajui tu. Usiulize "umempa steroidi?" Uliza: amechomwa sindano gani tangu mwaka uanze, nani alichoma, chupa iko wapi?

Sindano ya mwasho inayotolewa kwenye duka la dawa za mifugo mara nyingi ni deksamethasoni, au ni triamsinoloni au methiliprednisoloni asetati inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Baadhi ya chupa za antibiotiki za mifugo zimechanganywa na deksamethasoni tangu kiwandani, na mtu aliyechoma anadhani ametoa penisilini tu. Dawa za masikio za mbwa nyingi zina betamethasoni au mometasoni. Matone ya macho yenye deksamethasoni hufyonzwa pia, na kwa mbwa mdogo anayedondoshewa mara nne kwa siku yanaweza kutosha kuzisinyaza adrenali na kuipandisha ALP.

Halafu kuna krimu za binadamu. Mkorogo na krimu nyingine za kung'arisha ngozi wakati mwingine zina klobetasoli, ambayo ni steroidi kali kuliko nyingi za hospitalini, na mbwa wa ndani hulamba mikono, miguu na shuka. Swali hili liulizwe kwa heshima, faraghani, na bila kuhukumu. Ukimuuliza mama mwenye nyumba mbele ya wageni hutapata jibu. Kama kuna mtu wa nyumbani anayetumia krimu kali ya ukurutu, uliza vivyo hivyo.

Dalili: macho na ufizi wa manjano, au maji tumboni

Acha kufikiria steroidi. Glikojeni peke yake hailetei mbwa umanjano wala maji tumboni. Hapa ndipo bilirubini inapoamua: ikipanda, tafuta ugonjwa mwingine hata kama kila kitu kingine kwenye picha kinafanana na ini la steroidi.

Kwa mbwa wa huku, orodha yangu huanza na Babesia, ambayo hupasua chembe nyekundu, na kipande cha damu kwenye kioo kinaweza kuimaliza hoja. Kuna leptospirosisi, hasa nyumba ikiwa na panya na figo nazo zimeumia. Na kuna sumukuvu kama aflatoksini, ambayo wengi huisahau. Mbwa wetu wengi wanaishi kwa ugali na pumba, na mahindi yasiyofaa kwa watu mara nyingi huishia kwenye sahani ya mbwa. Mwaka 2004 aflatoksini iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mbwa ni mnyama anayeathirika kwa urahisi sana na sumu hiyo. Ini lake huingia mafuta na linaweza kung'aa kwenye skrini kama la steroidi, lakini mbwa mwenyewe hataki kula, anatapika, ana umanjano, na damu yake haigandi. Ukiwa na wasiwasi, omba uone gunia la unga.

Maji yakijikusanya ghafla kwa mbwa anayetumia steroidi, washa dopla uangalie vena lango. Steroidi huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, na donge la damu kwenye vena lango ni jambo linalotokea. Maji mengine yanaweza kuwa ya moyo, ya albumini iliyoshuka, au ya tumbo la chakula lililotoboka kwa sababu mtu alichanganya prednisoloni na dawa ya maumivu kama meloksikamu au diklofenaki. Mchanganyiko huo usifanyike kwa mbwa kabisa.

Dalili: mfuko wa nyongo umejaa uchafu

Mashapo yanayoteleza ukimgeuza mbwa ni ya kawaida, hata kwa mbwa wazima. Mfuko mkubwa kwa mbwa aliyekaa na njaa ya usiku kucha ni wa kawaida pia. Kinachotia hofu ni ute ulioganda usiojongea mbwa akigeuzwa, wenye mistari inayotoka katikati kuelekea ukutani. Huo ni mukoseli, na Cushing huongeza sana uwezekano wake. Mbwa asiye na dalili hufuatiliwa. Mwenye maumivu, umanjano au maji kando ya mfuko anahitaji upasuaji, si picha nyingine.

Wakati wa kuingiza sindano

Kama tezi, historia na hamu ya kula vyote vinaelekeza kwenye steroidi, sindano ya kuchukua sampuli ya seli za ini inaweza kusubiri. Ichukue pale kitu kimoja kinapokataa kukaa kwenye hadithi.

Hesabu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwanza. Mbwa mwenye Ehrlichia canis anaweza kuwa nazo chache sana, na ini hutoka damu. Sindano nyembamba ya geji 22 inatosha, ingia tundu la kushoto mbali na mfuko wa nyongo, ichezeshe bila kuvuta, kisha mwagia kwenye kioo. Giemsa ileile inayotumika kutafuta vimelea vya damu inafaa. Seli iliyojaa glikojeni imevimba na ute wake wa ndani umechanika-chanika bila mipaka wazi. Seli yenye mafuta ina mashimo ya mviringo yenye kingo safi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo altrasaundi isiyoweza kuiona. Kwa binadamu CT, eksirei ya tabaka kwa tabaka, inaweza kuyatenganisha, kwa kuwa mafuta hulifanya ini lionekane jeusi zaidi na glikojeni hailifanyi hivyo, lakini gharama ya CT kwa mbwa ni hoja tosha ya kutumia sindano.

Sindano haioni makovu wala haioni mpangilio wa tishu. Hepatitisi ya muda mrefu inaweza kukaa chini ya glikojeni bila kuonekana, na hapo ni kipande cha ini chenyewe kinachohitajika, baada ya kupima kuganda kwa damu. Na limfoma: prednisoloni hupunguza seli zake kwa muda, sampuli ikatoka safi ya uongo. Ndiyo sababu ya kumpiga mbwa picha na kumchoma sindano kabla ya kidonge cha kwanza, kila inapowezekana.

Dalili: dawa imepunguzwa, picha haijabadilika

Kwanza jambo la usalama. Usiikate ghafla kwa sababu ya ini. Mbwa mwenye adrenali zilizosinyaa akikatiwa steroidi ghafla anaweza kuzimia na kufa kwa kukosa kortisoli yake mwenyewe, ilhali ini lililojaa glikojeni mara chache humuua mbwa. Punguza kwa hatua, wiki kwa wiki, ukiangalia kama anatapika, ana kuhara au amelegea.

Ini hurudi polepole. Picha ya wiki mbili baada ya dozi kushuka haina maana. Ipige kati ya wiki ya 4 na ya 8, kisha mwezi wa tatu. Kama ilikuwa sindano ya muda mrefu, anza kuhesabu pale nguvu yake inapoisha, si siku ilipochomwa. ALP huchelewa kushuka na inaweza kukaa juu miezi kadhaa ini likiwa limeshapungua, kwa hiyo amini ukubwa na kingo za ini kabla ya namba ya ALP.

Baada ya miezi mitatu bila badiliko, kuna njia tatu tu: steroidi bado inaingia kwa mlango ambao hujauona, na dawa ya sikio ndiyo ya kwanza kuiuliza; mbwa ana Cushing yake mwenyewe, na adrenali zilizokuwa nyembamba zitaanza kunenepa; au ini lilikuwa na ugonjwa mwingine tangu mwanzo.

Kwenye ripoti ya kila ziara andika masafa, kina, mkao wa mbwa, muda aliokaa bila kula, unene wa kila adrenali kwa milimita, dozi ya steroidi na tarehe ya mara ya mwisho kupewa. Picha ya figo na ini kwenye fremu moja ihifadhiwe kila mara, kwa sababu atakayemwona mbwa huyo baada yako atahitaji kitu cha kulinganisha nacho.